Progresivu ndani ya dakika tatu: uchambuzi wa kipande kimoja cha kinanda

Sharti la changamoto niliyoshiriki lilisomeka kirahisi: kipande cha ala tupu, kinanda kikiwa mbele, mtindo wa roki ya progresivu, urefu usizidi dakika 3. Hii ni changamoto ya utunzi, haina bingwa wala kikombe. Kila mshiriki anatunga kitu kipya kwa muda mfupi na kuwaachia wenzake wasikilize. Zipo nyingi za aina hiyo. February Album Writing Month, kwa mfano, inamtaka mtunzi amalize nyimbo 14 katika siku 28, yaani wastani wa siku mbili kwa wimbo. Kwa mwendo huo hakuna nafasi ya kubembeleza kazi. Unachagua, unaandika, unarekodi, unaachia.

Aliyewahi kusikiliza muziki huu analiona tatizo papo hapo. Progresivu ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na ikakua kwa kujinyoosha. Bendi kama Yes, Genesis na Emerson, Lake & Palmer ziliweza kujaza karibu upande mzima wa santuri kwa kipande kimoja cha dakika 20 hivi: mizani inabadilika, ufunguo unabadilika, kelele inazimika, kinanda kinabaki peke yake, halafu tuni ya mwanzo inarudi ikiwa imevaa nguo nyingine. Msikilizaji anaifurahia ile tuni inaporudi kwa sababu alikuwa ameshaisahau kidogo. Sasa mtu atasahau nini ndani ya dakika tatu?

Watunzi wengi wakipewa sharti kama hili hukimbilia kurundika. Wanachukua sehemu sita ambazo zingestahili dakika tatu kila moja, wanazikata hadi nusu dakika, wanaziunganisha kwa mapigo ya dramu yanayostua. Kazi za namna hiyo husikika za kistadi, na zikiisha hukumbuki hata noti nne mfululizo. Wengine wanakwenda upande wa pili: wanaweka kordi mbili, solo ndefu ya sinthesaiza juu yake, basi. Hiyo nayo ni sehemu iliyonyofolewa kwenye kipande kirefu ambacho hakijatungwa. Mimi nilishika msimamo kwamba dakika 3 zinatosha wazo moja tu, na wazo hilo likisafirishwa vya kutosha, msikilizaji ataona amepita mahali pengi. Kila kitu kwenye kipande hiki kimetoka kwenye noti saba.

Kabla ya noti hizo nilipiga hesabu. Kasi ikiwa mapigo 140 kwa dakika, pigo moja likiwa robo noti, kipimo cha 7/8, yaani nane noti saba, kila moja nusu ya robo noti, kinachukua sekunde 1.5 kamili. Dakika moja ina vipimo 40. Dakika 3 zina vipimo 120, hakuna sehemu inayobaki. Kimuziki hata 138 au 144 ingefaa, lakini 140 inakupa bajeti unayoweza kuipigia hesabu kichwani huku mikono iko kwenye kinanda, na hilo lina thamani kubwa unapofanya kazi usiku. Nikagawa hivi: sekunde 12 za ogani peke yake, 24 za bendi nzima, 18 besi ikihama chini ya tuni, 24 za polepole, 48 za solo, 24 za marudio, 12 za tamati. Jumla sekunde 162. Zilizobaki 18 ni akiba ya kordi ya mwisho, maana kordi ya mwisho katika muziki huu ikikatwa mapema inasikika kama mtu aliyekatiwa umeme.

Noti zenyewe ni D–A, C–A, B–G–E. Makundi ni 2, 2 na 3, na E ya mwisho inadondokea D ya kipimo kinachofuata, kwa hiyo mduara hauna mshono. Skeli ni D Doria: inafanana na D maina isipokuwa B haishushwi kuwa flati. Hiyo B ndiyo inayoipa tuni ule mwanga wa ghafla mwishoni mwa kila kipimo, kama vile mtu mwenye huzuni amekumbuka jambo la kuchekesha.

Tuni ya mizani witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, ninaipima kwa kitu kimoja: mtu aweze kuiimba bila kuhesabu. Ukilazimika kuhesabu hadi saba kila mara, mwili hauingii. Msaada wangu ni maneno "twende, twende, nyumbani", silabi saba zenye makundi yaleyale, ukizitamka kwa kasi sawa. Kisha ngoma ndogo inakaa kwenye "mba" ya nyumbani, si kwenye "nyu", na hapo mdundo unapata kigugumizi kidogo kinachomfanya msikilizaji ainamishe kichwa. Kwenye sekunde 12 za mwanzo dramu haipo, lakini anayepiga ogani lazima aisikie kichwani.

Na ogani ndiyo iliyonichukulia muda mwingi kuliko yote. Nilitumia programu inayoiga ogani ya umeme ya Hammond B-3, ile ya miaka ya 1950. Hammond ina vijiti tisa vya kuvuta kwa kila seti, kila kimoja kikiongeza au kupunguza toni moja ndani ya sauti. Nilivuta vitatu vya kwanza hadi 8, yaani hadi mwisho, sita vilivyobaki nikavifunga, nikawasha pakasheni, yaani ule mlio mfupi unaogonga mwanzoni mwa noti kisha ukafa. Ni mpangilio wa zamani, umetumika mno kwenye jazi na roki, na sioni aibu yoyote kuuchukua: changamoto ya siku chache siyo mahali pa kubuni ogani mpya.

Jambo ambalo wapigaji waliozoea piano hulipita ni hili. Hammond haijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Sauti inaongezwa na kupunguzwa kwa mguu, kwenye pedali. Kwa hiyo huwezi kuweka mkazo kwa kukandamiza kidole. Lakini pakasheni ina tabia yake: inagonga pale tu vidole vyote vilipokuwa vimeachia. Ukiwa bado umeshika noti moja, inayofuata inalia bila kugonga. Basi mkazo unaupata kwa kuachia. Shika D na A zikiwa zimeungana, achia. Shika C na A, achia. Shika B, G, E zote tatu zikifuatana bila pengo, achia. Pakasheni sasa inagonga mara tatu kwa kila kipimo: kwenye D, kwenye C na kwenye B. Sikiliza hizo tatu peke yake: ni ngazi inayoshuka. Ndani ya rifu, yaani kile kifungu kifupi cha noti saba kinachorudiwa, kumetokea tuni ya pili ya noti tatu, na hakuna kilichoongezwa zaidi ya namna ya kuinua vidole. Wasikilizaji watatu tofauti walitaja "ile sauti ya pili inayoshuka" wakidhani kuna kinanda kingine kimefichwa nyuma.

Kwenye programu, ni vyema kuhakikisha kwanza. Shikilia noti moja, kisha piga nyingine juu yake. Ukisikia ule mlio wa kugonga tena, programu hiyo haiigi tabia ya Hammond kwa usahihi, na kila noti itapewa mkazo sawa. Rifu itageuka cherehani.

Bendi inapoingia hakuna la kusimulia sana. Besi inafuata D, dramu inafuata makundi, vipimo 16 vinapita, msikilizaji anajifunza tuni. Ni sehemu ya kufundishia, na imekusudiwa kuwa ya kawaida.

Baada ya hapo tuni inabaki palepale na sakafu inahama. Mkono wa kulia haubadilishi hata noti moja, ila besi inashuka kutoka D kwenda C, kisha A, kisha F, vipimo vitatu kila mahali. Namba tatu ilichaguliwa makusudi: sikio la mtu aliyelelewa na muziki wa kila siku linasubiri mabadiliko baada ya nne, kwa hiyo kila mara linawahiwa. Juu ya C, ile B inageuka kuwa saba meja, yaani noti ya saba kuhesabu kutoka C, laini na ya mbali. Juu ya A inapita tu. Juu ya F ndiyo penyewe: B inakuwa nne iliyopandishwa, na rifu ileile iliyokuwa na kiza inasikika kama imefunguliwa paa. Wangapi wangejaribu B flati kwenye besi hapo? Wengi, kwa sababu kutoka D maina kwenda B flati ni njia iliyopigwa lami. Lakini tuni ina B ya kawaida ndani yake, zingegongana kila sekunde moja na nusu. Rifu inayorudiwa ndiyo inayokuambia besi inaruhusiwa kwenda wapi.

Kufika F kulikuwa na faida nyingine. Sehemu ya polepole iko kwenye F maina, na kwa kuwa besi imeshakaa hapo, kuhama kunahitaji noti moja tu: A inashuka kuwa A flati. Tuni inapandishwa yote kwa umbali wa tatu maina, yaani nusu toni tatu: F–C, E flati–C, D–B flati–G. Halafu inapunguzwa mwendo mara mbili, kila nane noti ikawa robo noti, hivi kwamba kipimo kimoja sasa kinachukua sekunde 3. Tuni inapigwa kwa filimbi na kordi kwa fidla, zote za Mellotron.

Mellotron, iliyoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1963, ni kinanda chenye tepu. Kila kibao cha kinanda kinavuta kipande chake cha tepu chenye sauti halisi iliyorekodiwa, na tepu hiyo ina urefu wa sekunde 8 hivi. Zikiisha, kimya, unaachia, springi inairudisha mwanzo. Leo programu inaweza kuishikilia kordi hadi asubuhi, na hapo ndipo watu huharibu, kwa sababu Mellotron isiyochoka haisikiki kama Mellotron. Kordi zangu zinabadilika kila baada ya vipimo viwili, sekunde 6, na robo noti ya mwisho nimeiacha wazi ili tepu ya kufikirika ipate muda wa kurudi. Lile pengo dogo kati ya kordi na kordi ndilo linaloleta pumzi. Kordi ni nne: F maina, A flati, E flati, na ya mwisho G.

Hiyo G ingepaswa kuwa maina kwa mujibu wa skeli. Niliifanya meja. Kwa hiyo tuni inapopita mara ya mwisho, mkia wake wa D–B flati–G unapandishwa nusu toni katikati na kuwa D–B–G. Bila kutangaza chochote, B na G za nyumbani zimesharudi masikioni. Ogani ikiingia tena kwenye D, msikilizaji hana haja ya kuambiwa amefika wapi.

Solo ya sekunde 48 inahitaji sababu ya kuwepo, vinginevyo ni maonyesho ya vidole. Sababu niliyoipa ni dramu. Wakati ogani inaendelea na 7/8, dramu inahamia 4/4 bila kubadili kasi. Vipimo 8 vya saba vina nane noti 56. Vipimo 7 vya nne vina 56 vilevile. Hivyo wawili hao wanaachana, wanapishana, na kukutana tena kila baada ya sekunde 12. Ndani ya sekunde 48 wanakutana mara nne, na kila mkutano una pigo la toazi. Solo imejengwa juu ya mizunguko hiyo. Wa kwanza una noti chache ndefu za chini. Wa pili unachukua mdundo wa rifu na kuupiga kwenye noti nyingine. Wa tatu ndio wa vidole, na hapo nilijiruhusu kidogo ule ufahari wa wapiga kinanda Keith Emerson (wa Emerson, Lake) na Rick Wakeman (wa Yes) ambao watu huukejeli hadharani na kuusikiliza faraghani. Wa nne una karibu noti moja tu, ya juu, inayopindwa kwa gurudumu la kushoto hadi dramu na ogani zikutane kwa mara ya mwisho.

Sauti ni ya sinthesaiza ya Minimoog ya 1970: osileta tatu, yaani vyanzo vya sauti, filta, na noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza mbili kwa pamoja, ya chini ndiyo inayoshinda. Hiyo ina maana mtetemo wa haraka kati ya noti mbili unapigwa kwa kushikilia ya juu na kugusagusa ya chini. Ukifanya kinyume, ya juu haitoki kabisa. Programu nyingi huja zimepangwa noti ya mwisho ndiyo ishinde. Inafaa kuibadilisha, kwa sababu vidole vinaanza kutunga vitu tofauti.

Kisha marudio, ambako kazi yote ilikuwa inaelekea. Ogani inapiga rifu kwa kasi yake ya kawaida na fidla za Mellotron zinapiga rifu hiyohiyo kwa mwendo wa polepole, safari hii zikiwa kwenye D. Kipimo kimoja cha polepole kinameza viwili vya haraka, kwa hiyo vinaanza na kumaliza pamoja. Tuni inajifuata yenyewe. Ukiziweka sambamba kwenye karatasi, noti kwa noti, mahali pawili panakwaruza. Noti ya tatu ya polepole, C, inakutana na B ya ogani. Noti ya tano, B, inakutana na C. Sikuzitendea sawa. Ile ya kwanza inaweka C juu ya B, tisa maina, umbali mkali ambao mwendo wa polepole unauanika kwa muda mrefu mno. Nikaibadilisha C kuwa D, ikakaa vizuri na B na G kama kordi ya G meja. Ile ya pili inaweka B juu ya C, saba meja, na saba meja tulishaizoea tangu besi ilipopita kwenye C. Niliiacha. Tuni ya polepole sasa ni D–A–D–A–B–G–E, imepoteza noti moja ya asili, na mkia wake wa B–G–E unatosha kuitambulisha.

Kuhusu kurekodi nitasema machache. Ogani na dramu nilizinyoosha kwenye gridi ya mapigo ya programu kwa sehemu tu, solo sikuigusa. Besi ipo katikati, Mellotron imetandazwa pande zote mbili, Minimoog ina mwangwi mfupi. Sauti ya spika ya Leslie, ile inayozunguka, iko kwenye mwendo wa pole kipande kizima isipokuwa mizunguko miwili ya mwisho ya solo, marudio na tamati. Kwenye kordi ya mwisho inarudishwa pole huku vidole vimeshikilia. Pembe ya juu inapunguza kasi upesi, rota ya chini inachelewa, na kwa sekunde kadhaa sauti inazunguka kwa kasi mbili. Zile sekunde za akiba zilikuwa za hilo.

Mshiriki mmoja aliuliza kama sehemu ya polepole ni wimbo mwingine uliobandikwa. Swali ni la haki, maana kwa sikio la mara ya kwanza, tuni iliyohamishwa ufunguo, kasi na ala kwa pamoja inaweza isitambulike. Ningeweza kuacha ogani iendelee chini kwa chini ili kuonyesha udugu. Sikufanya hivyo, na bado sioni haja: sekunde 48 za solo zinamtenga msikilizaji na tuni hiyo, na marudio yanapokuja yanamwonyesha zote mbili kwa wakati mmoja. Anayefika hapo anaelewa. Asiyefika alishaondoka kwenye sekunde ya kumi, na huyo hata udugu usingemrudisha.

Kinachobaki ni swali la jukwaani, kwa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Hadi mwisho wa solo inawezekana: mkono wa kushoto unashika rifu ya ogani, wa kulia uko kwenye Minimoog (noti ya mwisho ya juu inabaki bila kupindwa), dramu inatoka kwenye mashine. Ndiyo maana rifu haivuki nafasi ya mkono mmoja. Kwenye marudio, kulia kunahamia ogani, kushoto kunapiga Mellotron, na besi inashuka miguuni. B-3 ina pedali 25 na D moja ya chini ndiyo inayohitajika karibu muda wote. Tatizo ni kipimo kile kimoja cha kuhama, sekunde moja na nusu, ambapo noti ya juu ya Minimoog bado inalia na mkono wa kulia ndio unaoishikilia. Mwenye kinanda chenye pedali ya kushikilia sauti ataliziba hilo pengo kwa mguu wa kulia. Asiye nayo itabidi aikate noti hiyo pigo moja mapema, na toazi lifunike.